Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujanyunyiza Dawa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Picha za bustani nimeziona. Maharage yamekubali vizuri sana. Yachume kila baada ya siku mbili au tatu, punje zikiwa bado hazijavimba ndani ya ganda. Ukiyaacha yakomae, mmea unaona kazi yake imekwisha na maua yanakoma.

Sasa hizo nyanya. Doa jeusi lililobonyea chini ya tunda, kavu kama ngozi ya kiatu, ni kuoza kitako. Si ugonjwa wa kuambukiza, kwa hiyo dawa ya ukungu haitasaidia kitu. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni. Kilichokosekana ni maji ya kuipandisha. Joto likianza, udongo hukauka siku tatu, halafu unamwagiwa ndoo nzima kwa mkupuo, na tunda changa ndilo linaloumia. Chuma yote yenye doa, maana hayaponi. Kisha mwagilia kwa mpango: lita 25 hadi 35 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, ukigawa mara mbili au tatu, asubuhi, kwenye shina. Udongo wa kichanga utataka mara nyingi zaidi. Chomeka kidole mpaka kiishie: kikitoka kikavu, maji hayajafika kwenye mizizi hata kama juu panang'aa. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 7, lakini ziache mbali kidogo na shina lisije likaoza. Na mbolea ya kukuzia isimamishe kwa sasa, kwa sababu inasukuma majani na majani ndiyo yanayonyang'anya tunda maji.

Maua ya nyanya kudondoka ni habari nyingine. Mchana ukipita nyuzi 32 siku kadhaa mfululizo, na usiku nao haupoi, chavua inaharibika. Subiri tu joto lipungue.

Maboga hayajakusaliti. Maua yaliyoanguka ni madume. Hutangulia, mara nyingi kwa wiki moja au zaidi. Ua jike utalijua kwa kiboga kidogo nyuma yake. Kiboga hicho kikigeuka njano na kunyauka kikiwa na ukubwa wa kidole gumba, mara nyingi ni kwamba nyuki hawakufika. Basi fanya kazi yao: asubuhi mapema, maana maua hayo hujifunga jua likipanda, chuma ua dume lililofunguka siku hiyohiyo, bandua petali zake, kisha pakaza unga wa manjano katikati ya ua jike, pande zote. Ukigusa upande mmoja tu, tunda hukua limepinda.

Saladi iliyorefuka ing'oe. Ikishatoa kikonyo cha maua majani huwa machungu, na hairudi nyuma. Panda nyingine mahali penye kivuli cha mchana.

Vidukari kwenye pilipili hoho wanataka maji ya sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwa lita moja. Jaribu jani moja, ungoje siku nzima. Lisipoungua, nyunyiza jioni chini ya majani, maana huko ndiko wanakojificha na sabuni huua wale tu inaowagusa. Rudia baada ya siku nne au tano. Ila kwanza tazama kwa makini: ukiona kidudu cheusi kirefu chenye madoa ya rangi ya chungwa, mfano wa mamba mdogo, usikiue. Ni mtoto wa yule mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi, na chakula chake ni vidukari. Tawi alilopo liache bila sabuni.

Kishada cha pili cha nyanya kikishafunga, geuza tunda moja uangalie kitako chake, halafu uniandikie.

Mzazi wako akupendaye