Hema lako bado limefungwa

Chikongola, Mtwara
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Usishangae kuona mwandiko wangu. Simu ilianguka Somanga, kioo kikafa, na barua hii nampa konda wa basi la alfajiri. Mimi mzima, ila magoti yananilaumu na uso umeiva kama chungu cha jikoni. Nilifika juzi saa kumi jioni, siku ya tisa tangu uniage Mbagala, Dar, kilomita 550 na ushee kwa baiskeli. Hema ulilonikopesha bado limefungwa na ile kamba yako ya bluu. Sijalala ndani yake hata usiku mmoja.

Najua utanisema. Si ulinionya mwanamke wa peke yake asiingie nyumba za watu? Shoga, sikuingia, niliingizwa. Jioni ya pili nilikwenda kwa adabu zote kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaomba nisimamishe hema uani kwa ofisi yake. Aliniangalia kama nimemtukana. "Ulale nje na sisi tupo?" Akamwita mkewe, na mambo ya hema yakaishia hapo. Kilichonisumbua zaidi ni swali moja lililonifuata kila kijiji: unakwenda kwa nani? Nikijibu natembea tu, watu wananyamaza, halafu wananihurumia.

Mbele kidogo ya Nangurukuru tairi la nyuma likachanika ubavuni, tyubu ikawa inachungulia kama jicho la kinyonga. Fundi mmoja chini ya mwembe akachukua sindano ya kushonea magunia na uzi wa nailoni, akalishona, kisha akaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani. Akaniuliza baiskeli ina gia ngapi. Nikasema 21. "Na zote hizo bado unasukuma mlimani?" Alinidai mia tano. Tairi hilo ndilo lililonifikisha hapa.

Sasa nikwambie habari ya bibi.

Kijiji chake kiko kabla hujafika Mto Mbwemkuru. Jua lilikuwa linazama, naye alikuwa uani akibangua korosho za kula nyumbani. Sikuwa hata nimemaliza salamu akanionyesha kigoda. Unazijua korosho za pakiti, lakini hujaona zinakotoka. Anaziweka kwenye karai kuukuu lililotobolewa tobo tobo, juu ya moto, mpaka mafuta ya ganda yanalipuka na karai zima linawaka. Moshi wake usikae nao upande mmoja. Akazimwagia mchanga kuzima moto, akanipaka majivu viganjani, akanipa jiwe. Majivu ni kwa sababu mafuta yale yanababua ngozi, nami nilikuwa mbishi nikayafuta kidogo kidole cha shahada; lengelenge bado ninalo. Yeye akigonga mara moja inatoka nyeupe nzima. Mimi nilitoa chenga. Baadhi ya chenga zangu akaziponda akazitia kwenye kisamvu, tukala na ugali wa muhogo. "Umejipikia mwenyewe," akasema.

Nilimwomba radhi kwa kumjia bila taarifa. Akacheka sana. Akanisimulia enzi ambazo Rufiji ilivukwa kwa pantoni, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, na lami ilikuwa hadithi ya watu wa mjini. Masika basi la Dar lilikwama kwenye tope siku tatu, siku nne. Abiria walishuka na watoto wao wakatafuta moshi wa jiko ulipo. "Basi zima, mjukuu wangu. Wewe ni mmoja na baiskeli."

Lakini nilikuwa nimeona hali ya nyumba. Korosho zake za kuuza, magunia mawili, zilikuwa ghalani kwa chama cha msingi zikisubiri mnada. Si unajua stakabadhi ghalani: unapeleka mzigo, unapewa karatasi, hela inakuja ikishauzwa. Basi asubuhi nikaacha elfu kumi chini ya mkeka, nikaondoka najiona mjanja.

Haikupita saa moja na nusu nikasikia nyuma, "Dada! Dada wa baiskeli!" Bodaboda. Kijana akatoa noti yangu. "Bibi kasema umesahau hela zako." Nikamwambia basi chukua wewe. Akakataa, bibi keshamlipa mafuta. Hebu piga hesabu, mtu asiye na hela katoa hela ili anirudishie hela! Nililia pale barabarani, kisha nikaona aibu. Nilikuwa nimemlipa kama mwenye gesti.

Kijana hakuwa amemaliza. Akanipa fundo la kipande cha khanga, korosho kama kilo mbili, nimpelekee binti wa bibi huku Chikongola. "Na kasema usizile njiani."

Huwezi kuamini mzigo ule ulivyonisaidia. Tangu hapo nikiulizwa unakwenda kwa nani, najibu napeleka mzigo wa bibi, na kila mtu anaelewa. Mwenye kibanda mmoja pale Mingoyo alinikazia fundo kwenye keria kwa mpira wake mwenyewe, akanigombeza kwa nilivyolifunga.

Wasije wakakudanganya kwamba wote ni malaika. Lindi mjini nililala gesti, nikalipa vizuri tu, asubuhi kengele ya baiskeli haipo. Mikindani nilipita bila kukaa. Ndiko Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, naye alikuwa na wapagazi. Mimi nilikuwa mpagazi.

Dada mwenyewe, huyo binti wa bibi, alilifungua fundo mlangoni, hajanikaribisha hata maji. Akachambua. "Hizi nzima kabangua mama. Hizi chenga ni za nani?" Ndipo akanikumbatia. Tangu juzi nakula ming'oko na chai kila asubuhi, na nikigusa chombo cha kuosha ananipokonya.

Narudi kwa basi Jumamosi, baiskeli juu. Nitashukia kwa bibi, dada ananipa miwani ya kumpelekea. Na wewe nimekutia kwenye msafara bila kukuuliza: nimemwambia dada nina shoga anayeyajua maduka ya Kariakoo. Nunua doti mbili za khanga, moja ya dada, moja ya bibi, umpe konda zinifikie kabla ya Ijumaa. Ya dada yoyote yenye rangi ya zambarau. Ya bibi soma jina vizuri, maana akishavaa miwani ataanza na maandishi. Isiwe ya kushukuru. Atairudisha kwa bodaboda.

Mimi shoga yako