Kuku waliopona mafua: niwachinje, niwauze au niwaache?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mama wa nyumbani hapa Newala, mkoani Mtwara, na ninafuga kuku wa kienyeji uani. Mwishoni mwa Juni walikuwa 26. Leo wamebaki 17, na hao waliobaki ndio wanaoninyima usingizi kuliko waliokufa.

Kisa kilianza kwa jogoo niliyemnunua mnadani. Alikuwa na mwendo wa maringo na macho makavu, nikamfungulia banda siku hiyohiyo bila kumtenga, kosa ambalo nalikiri. Usiku wa nne nilisikia banda zima linakoroma. Nilipomulika tochi nikamwona tetea mmoja jicho limegandamana kwa povu, uso umevimba upande mmoja kama aliyeumwa na nyuki, na puani anatoka makamasi mazito yenye uvundo. Wiki haikuisha kabla ya zaidi ya nusu yao kuanza kupiga chafya na kuacha kutaga.

Mwanzoni niliilaumu salfa, kwa kuwa msimu huo mikorosho yote huku hupuliziwa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiri unga, na vumbi lake hutukohoza hata sisi. Lakini vumbi halileti uvundo, na kuku wa jirani, wanaoshinda chini ya mikorosho, hawakupata hata chafya. Kideri nacho, ule ugonjwa unaoua kuku wengi kwa mpigo, nilikiwazia. Hata hivyo nilikuwa nimewachanja Mei kwa tone la jichoni, sikuona kinyesi cha kijani wala shingo iliyopinda, na walikufa mmojammoja kwa muda wa wiki tatu. Afisa mifugo alipofika alisema ni mafua, akanielekeza dawa ya unga, oksitetrasaiklini, ya kuchanganya na maji ya kunywa. Wagonjwa niliwahamishia jiko la nje, nikawa nawapangusa macho kwa pamba na maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mwarobaini aliousisitiza shangazi niliutia pia, zaidi kwa ajili ya amani ya nyumbani.

Sasa wanakula na wanataga, na jogoo mwenyewe aliyeleta balaa ndiye anayewika kuliko wote. Ila asubuhi za ukungu matetea wawili bado wanakoroma, na nimeelezwa kwamba kuku aliyepona anaweza kubaki na vimelea akawaambukiza wenzake, tena yako magonjwa ya njia ya hewa yanayopita hadi kwenye yai.

Hapo ndipo nilipokwama. Nilimwahidi mdogo wangu wa Nachingwea matetea watano wa kuanzia ufugaji. Banda ameshajenga, na kila Jumapili ananipigia simu kuwaulizia. Mume wangu anataka tuwapeleke wote mnadani, nami naona haya kumuuzia mtu mwingine kile nilichouziwa mimi.

Naomba unishauri: je, niwachinje wote, nisafishe banda na kuliacha tupu, na kwa muda gani kabla ya kuingiza wengine? Au niwaache hawahawa kwa mayai na kitoweo, mradi asiingie wala kutoka hata mmoja? Na ikiwa haifai kumpa mdogo wangu hao wakubwa, vifaranga watakaoanguliwa humu wakatengwa na mama yao mapema watakuwa salama kwake? Nauliza kwa haraka kwa sababu tetea mmoja ameatamia mayai 11 tangu Jumamosi iliyopita.

Msomaji wenu,
Newala