Mheshimiwa Waziri, wazee wa fuawe wanatutoka

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni, Kinshasa

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Katuba, Lubumbashi. Babu yangu, mzaliwa wa Bukama, alikuwa mhunzi. Uani kwake watoto tulicheza popote, ila fuawe lake, chuma alichofulia vyuma vingine, hatukuthubutu kulikalia. "Hicho si kiti," alikuwa akitukemea, "hicho ni kitu cha mfalme." Tulidhani ni ukali wa uzee.

Nilipokuwa mtu mzima nikasoma habari za Kamilamba, katika bonde la Upemba. Wanaakiolojia walifukua huko kaburi la mtu aliyezikwa kati ya karne ya 8 na ya 10, pamoja na shoka la fahari na fuawe la chuma. Asiyewajua Waluba, watu wa bonde hilo, angeandika: kaburi la fundi, basi. Lakini mwanaakiolojia Pierre de Maret aliijua heshima ya fuawe katika ufalme wa Waluba, na masimulizi yanayomfungamanisha mfalme na uhunzi. Kwa hiyo akaona katika kaburi lile dalili za utawala. Babu angemwelewa mara moja.

Sisemi kwamba Waluba wa leo ni sawasawa na wale wa zamani. Miaka elfu imepita, na mtafiti makini hulinganisha kabla ya kuamua. Ila bila mtu wa kumuuliza, atalinganisha na nini?

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Babu aliwahi kurekodiwa siku tatu na mgeni mmoja. Kanda zikaondoka, nakala haikurudi. Sasa amefariki.

Naomba wizara yako iwatume wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakakae Bukama na kando ya ziwa Kisale, miezi kadhaa, wakiuliza kwa Kiluba. Waanze na mama wafinyanzi, ambao huulizwa kidogo mno: makaburi ya Sanga, kando ya ziwa hilo, yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1957, yamejaa vyungu, na anayejua kwa nini chungu kimekunjwa mdomo vile ni yule aliyefinyanga maisha yake yote. Walipwe siku zao za kazi. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine iwekwe katika Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi.

Fuawe la babu bado liko uani. Utakayemtuma, nitamwonyesha.

Kwa heshima,
Mjukuu wa mhunzi, Katuba