Miti ya hospitali msiikate, kuna wagonjwa tunaiangalia

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, mimi ni mgonjwa wa figo hapa Dar, naandika kwa simu nikiwa nimelala kwa hiyo makosa mtanirekebishia huko huko.

Sisi wa figo tunasafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara, mkono una sindano mbili huruhusiwi kuukunja, na baridi inakushika mpaka unaomba blanketi wakati nje watu wanatokwa jasho. Tivii tamthilia zile zile, wenzako wamelala au wamenuna. Miezi ya mwanzo mimi nilikuwa naangalia dari nawaza hela tu, mtu akinipa pole naitikia ili aondoke.

Sasa kiti ninachopewa mara nyingi kiko dirishani na nje kuna mnazi umejaa minana, wale ndege wadogo wa njano wenye makelele. Mimi mtu wa Pwani, nimekua nao hawa, tulikuwa tunawapiga manati, lakini kuwatazama kazi yao aisee sikuwahi. Dume ndo fundi. Anachana ukuti mbichi uzi mmoja mmoja, anafunga fundo kwenye ncha kwa mdomo tu, anasuka kitanzi kwanza, halafu anasimama humo humo ndani ya kitanzi anaendelea kusuka chumba kumzunguka. Akimaliza ananing'inia kichwa chini anapigapiga mbawa kuita jike, jike anakuja anaingia anakagua, asiporidhika anaondoka zake bila hata asante, na nyumba ikikauka ikawa kahawia ndo hakuna atakayeitaka tena, jamaa anaifumua yote anaanza upya. Mzee mwenzangu wa kiti cha jirani, ambaye alikuwa haongei na mtu, siku hizi nikifungwa tu mashine ananiuliza, "Vipi, bwana harusi kakubaliwa?"

(Madafu pia nayaona pale juu na siruhusiwi, yana potasiamu nyingi na figo zangu haziwezi kuitoa, hata maji napimiwa. Namezea mate tu.)

Watu wanatwambia nenda Mikumi ukapumzishe akili, nenda Serengeti. Kwa hela ipi, na ikifika siku ya mashine nitakuwa wapi? Mimi mshangao wangu nimeupata kwenye mnazi mmoja, tena ndege wenyewe ni wa kawaida kabisa kila mtu anawajua.

Sasa tunasikia huo mnazi na miti mingine pale nje inataka kuondolewa ili magari yapate pa kuegesha, eti na ndege wanachafua vioo vya magari. Na upande wa pili wa wodi vioo vimeshabandikwa stika nyeupe, wale wenzetu hawaoni hata mawingu. Kijana wangu alinitafutia kwenye simu, kumbe mwaka 1984 mtafiti wa Marekani anaitwa Roger Ulrich alitoa utafiti kwenye jarida la Science, alilinganisha wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, nusu yao dirisha linatazama miti nusu linatazama ukuta wa matofali. Wa upande wa miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema na dawa kali za maumivu walitumia chache kuliko wenzao. Sasa sisi miti tunayo tayari, bure, halafu tunaikata!

Sisemi mti unatibu figo, zangu zimeshakufa na mnana hawezi kuzifufua. Naomba tu wakubwa wa hospitali, za serikali na za binafsi, kabla ya kuita watu wa misumeno waje wakae kwenye kile kiti cha dirishani hata nusu saa. Stika kama ni kwa ajili ya jua basi wekeni pazia, pazia mtu anaweza kulifungua. Na magari yaegeshwe kule nyuma kwenye kifusi, kikisombwa nafasi ipo.

Mgonjwa wa figo,
Mbagala, Dar es Salaam