Tusiuchague mche kwa kimo chake

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa kupanda miti ukifika, miche mirefu ndiyo inayogombaniwa. Naomba nafasi niwatahadharishe wasomaji wenzangu, maana urefu huo mara nyingi ni dalili ya njaa.

Karibu nusu ya uzito mkavu wa mti ni kaboni, iliyonaswa hewani na majani kwa nguvu ya mwanga. Lakini mche nao unapumua, usiku na mchana: majani, shina na mizizi huchoma sukari iliyotengenezwa kwa kaboni hiyo na kurudisha hewa ukaa. Kuna kiwango cha mwanga ambapo kaboni inayoingia hulingana na inayotoka. Chini ya hapo mche hula akiba yake ya wanga, na akiba ikiisha hufa, hata kama udongo una rutuba na maji ni tele.

Chini ya msitu mnene hufika asilimia chache tu za mwanga ulioko juu ya vilele. Miche inayostahimili kivuli huishi humo kwa kubana matumizi. Majani yake ni mapana na membamba, hupumua kidogo, hukua taratibu, na hunufaika na miale inayopenya kwa dakika chache tu. Ustahimilivu huo naustaajabia sana.

Mche wa jamii inayopenda jua hauna subira hiyo. Ukisongwa na wenzake kitaluni au ukikaa mno kivulini, kaboni kidogo ulio nayo huielekeza kwenye shina na majani ili kuufikia mwanga. Unarefuka, unalegea, na mizizi inabaki haba. Kisha unapandwa ghafla mahali pa wazi! Majani yanapokea mwanga mwingi kuliko yanavyoweza kuutumia, yanababuka, na mizizi ile haiwezi kufidia maji yanayopotea.

Nawasihi wenye vitalu waipe miche nafasi na kupunguza kivuli kidogo kidogo kwa wiki kadhaa kabla ya kuitoa. Mnunuzi naye atazame kwanza unene wa shina pale linapogusa udongo, kisha mizizi, na kimo kije mwisho. Aulize pia kama ni mti wa jua au wa kivuli, kwa sababu mche wa kivulini ukipandwa peke yake kwenye uwanja mtupu utateseka vilevile.

Wenu,
Msomaji mpenda miti