Sweta zetu na zile za madukani

Isevya, Tabora

Mama Shani mpenzi,

Nakusalimu sana, pamoja na mzee na watoto. Huku hatujambo. Kipupwe kimeshaingia na asubuhi baridi inapenya hadi kwenye mifupa. Watu wanalalamika, sisi wafuma sweta tunashukuru Mungu.

Ujumbe wako nimeupata. Kumbe wateja wako hapo Mwanga, Kigoma, wanasema sweta zetu za shule ni ghali kuliko zinazokuja kwa maboksi, nawe unataka la kuwajibu. Ngoja nikueleze kazi ilivyo, bei utaiona yenyewe inakotoka.

Mashine zetu ni za kusukuma kwa mkono, umeme ukikatika tunaendelea kufuma. Kila moja ina safu mbili za sindano zilizoegemeana kama paa la nyumba. Sindano ina kikulabu, na chini yake kijiulimi kinachofunguka na kujifunga. Ukisukuma kile kichwa cha juu kinachoteleza juu ya sindano kwenda upande wa pili, sindano zinapanda kwa zamu, zinadaka uzi, zinashuka. Kitanzi cha zamani kinausukuma ulimi ufunge, kinateleza juu yake na kutoka, kipya kinabaki ndani ya kikulabu. Mstari mmoja huo. Rudisha kichwa, wa pili. Chini tunaning'iniza vyuma vizito, maana kitambaa kisipovutwa vitanzi hupanda pamoja na sindano na kazi inavurugika. Uzi nao unapitishwa kwenye kipande cha nta ukitoka kwenye koni uliyozungushiwa, uteleze usikatike.

Hayo si ya jana. Mwingereza William Lee aliunda mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, na inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hati ya kumiliki uvumbuzi wake kwa kuwahurumia waliokuwa wakila kwa kufuma kwa mkono. Sindano ya ulimi ilikuja miaka ya 1840, na Mmarekani Isaac Lamb akaleta mashine bapa, yenye sindano kwenye mstari ulionyooka, ya aina hii yetu miaka ya 1860. Sasa mimi nimekaa Tabora nasukuma kitu ambacho Lamb angekitambua mara moja!

Turudi kwenye sweta. Tunaanzia pindo la chini, na hapo safu zote mbili hufanya kazi ili pindo livutike na kurudi. Kisha vitanzi vyote vinahamishiwa safu moja na mwili unafumwa kwa safu hiyo peke yake. Ukifika kwapani ndipo fundi anaonekana. Anasimamisha mashine, anachukua kifaa chenye meno machache, anavibeba vitanzi vya pembeni na kuviingiza ndani kidogo, sindano ya mwisho inabaki tupu. Anafuma mistari kadhaa, anarudia, kushoto na kulia sawasawa. Mikono inatanuliwa kwa kuongeza sindano. Kipande kinashuka kikiwa na umbo lake, mkasi haujagusa kitu.

Watengenezaji wengi wa zile za maboksi hufuma kitambaa kirefu, wanakipanga tabaka kwa tabaka, wanakata, wanapitisha overloki, cherehani inayozungushia nyuzi ukingoni usifumuke. Ni haraka, sikatai, na kwa mtoto anayekua kila muhula labda inatosha. Ila vipande vinavyobaki ni vya kutupa, na uzi wa overloki ukikatika vitanzi vilivyokatwa vinaanza kuachia. Yetu ikiharibika inafumuliwa, uzi unarudi kwenye koni.

Kinachokula muda kuliko vyote ni kola. Ipo mashine ya duara ya kuiunganisha na sweta, yenye vijiti vilivyosimama kuizunguka, na kila kitanzi cha kola lazima kivikwe kwenye kijiti chake, kimoja kimoja. Kikirukwa kimoja, ukifua mara mbili tundu linatokea shingoni. Mama anayefanya kazi hiyo hapa hataki kuongeleshwa akiwa mezani, na mimi namuunga mkono. Sweta za rangi nyeusi na bluu iliyokolea anazifanya mchana tu, karibu na dirisha.

Basi mteja akibisha, usibishane naye. Igeuze sweta ndani nje. Ikiwa ukingo wa kwapa umezungushiwa nyuzi za overloki, imekatwa. Ukiona ukingo safi, na kwa nje alama ndogondogo zinazopanda sambamba na mshono, hiyo imefumwa kwa umbo.

Waambie pia wasiweke pasi ya moto moja kwa moja juu yake. Uzi wetu ni akriliki, na pasi kali inaulegeza usirudi tena, sweta inaning'inia kama haina mwenyewe. Wengi wanaorudi kulalamika, tatizo ni pasi.

Nitumie vipimo vya kifua na urefu wa mkono, si umri wa mtoto, maana watoto wa miaka tisa hawalingani. Na kipande cha rangi ya sare, picha ya simu inadanganya rangi. Mzigo nitauweka kwenye treni. Nawe ukipata dagaa wazuri wa Kibirizi usinisahau, nitakulipa kwa asali.

Shoga yako,
Rehema