Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sola juu ya Mapaa Yetu

Wanachama wenzangu wa chama cha wenye nyumba hapa Nyali, Mombasa,

Taarifa ya fedha mmeshatumiwa na mweka hazina, na mambo ya ulinzi, maji na uzoaji taka atayasoma katibu. Naomba nafasi yangu niitumie karibu yote kwa jambo moja, maana ndilo lililokaa mezani kwa kamati mwaka mzima: maombi ya kufunga sola. Siku ya mkutano mtaombwa kupigia kura kanuni mpya, na ningependa kila mmoja ainue mkono akijua vyema anachokikubali au anachokikataa.

Hati zetu za nyumba zina sharti ambalo kila mmoja wetu alilitia sahihi siku ya kununua: hakuna kubadilisha sura ya nje ya nyumba, paa likiwemo, bila idhini ya kamati kwa maandishi. Lengo lake lilikuwa jema. Limetuepusha na vibanda vya biashara getini na vyumba vya kupachika juu ya maisoneti. Lakini halikutaja sola hata mara moja, wala halikusema kamati ijibu kwa muda gani, wala ikatae kwa sababu zipi. Tukaenda hivyo hivyo mpaka usiku ule wa Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipozama gizani, na giza likajirudia tena na tena baadaye. Hapo maombi yakaanza kumiminika. Jirani mmoja akajibiwa upesi, mwingine akangoja hadi masika ikapita, na wawili watatu wakachoka kungoja, wakafunga kwanza ndipo wakaleta barua. Mwanachama anayelipa ada yake kila mwezi ana haki ya kujua atajibiwa lini na atapimwa kwa kipimo gani.

Msimamo wangu, ambao kamati imeukubali baada ya vikao virefu, ni kwamba idhini ya chama ihusu yale yanayomgusa jirani. Maji yanayopenya kwenye ukuta wa pamoja yanamgusa jirani. Paneli iliyong'olewa na kusi ikaangukia gari la mwenzako inamgusa. Moto unamgusa kila mtu. Ama mtu anataka betri ngapi, au atanunua sola ya bei gani, hayo ni yake na fundi wake.

Hoja iliyotuchukulia muda mrefu zaidi ni ya sura. Wapo wanaosema paneli nyeusi juu ya vigae vyekundu zinaharibu mandhari ya mtaa. Siidharau hoja hiyo. Wengi tulipendezwa na Nyali kwa sababu ya mapaa haya. Mwanachama wetu mmoja anayeishi Texas, ambako chama cha wenye nyumba kinaweza kukuandikia barua kwa sababu tu nyasi zako zimerefuka, alitueleza wenzetu wa huko walivyolitatua suala hili hili. Mabunge ya majimbo ndiyo yaliyoingilia. California ilipitisha sheria ya haki ya jua mwaka 1978, na leo chama cha huko kisipolikataa ombi kwa maandishi ndani ya siku 45, ombi linahesabiwa limekubaliwa, isipokuwa kama kilikuwa kinangoja maelezo zaidi kutoka kwa mwombaji. Texas ilitunga yake mwaka 2011: chama kinaweza kumwonyesha mwenye nyumba sehemu ya paa ya kuweka paneli, lakini kama sehemu anayoitaka yeye itazalisha umeme zaidi kwa kupita asilimia 10, chama hakina ruhusa ya kumzuia kwa sababu ya mahali. Hesabu hufanywa kwa programu ya bure, PVWatts, iliyotengenezwa na maabara ya serikali ya Marekani, ili pasiwe na ubishi wa mdomo.

Tuliichukua programu hiyo tukaingiza mapaa yetu, na hapo mahali tulipo pakatusaidia. Marekani jua la mchana liko upande wa kusini, kwa hiyo paneli iliyoelekea kaskazini inapoteza mengi, na kumlazimisha mtu aifiche nyuma ya nyumba kunaweza kumharibia mradi mzima. Sisi Mombasa tuko digrii 4 hivi kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba; katikati ya mwaka linahamia kaskazini, Desemba linahamia kusini. Kwa mteremko wa mapaa yetu, tofauti kati ya upande wa barabarani na upande wa nyuma haikufika asilimia 10 kwa nyumba yoyote tuliyoipima, pale ambapo hapakuwa na kivuli. Wanaojali mandhari na wanaotaka stima wote wanaweza kupata haja yao.

Kwa hiyo kanuni inasema: paneli ziwekwe upande usioelekea barabara, isipokuwa PVWatts ikionyesha hasara inayozidi asilimia 10. Ikizidi, mwenye nyumba achague upande anaoutaka na kamati isimsumbue. Kivuli kinahesabiwa. Wenye nyumba zilizopakana na ile miembe ya nyuma wataweka mbele, na ni haki yao, kwa sababu paneli zilizounganishwa kwa mfululizo huathiriana: tawi likifunika moja, mapato ya mstari mzima yanaweza kushuka. Na kwa kuwa tumegusa miti, tumeandika hivi: mti uliokuwepo kabla ya ombi haukatwi kwa ajili ya sola ya jirani. Lakini anayetaka kuinua tangi la maji au kujenga kitu kipya kitakachotia kivuli paneli zilizokwisha kuidhinishwa, aje kwanza kwa kamati.

Kuhusu malalamiko ya mwako, kwamba paneli zinamulika dirisha la mwenzako: kioo cha paneli kimetengenezwa ili kimeze mwanga, na hurudisha mwanga mchache kuliko kioo cha kawaida cha dirisha au mabati mapya. Tutalisikiliza lalamiko lolote litakaloletwa, ila halitakuwa sababu ya kukataa ombi kabla paneli hazijafungwa.

Sasa nije kwenye paa lenyewe. Hapa ndipo nawaomba tuwe wakali.

Baada ya masika nilipanda na fundi kwenye paa la jirani mmoja, kwa ruhusa yake. Bolti zilizoshika reli zilikuwa za chuma cha kawaida. Hazijamaliza misimu miwili ya mvua, na kutu ilikuwa inabanduka kwa kucha. Maji yake yalikuwa yameteremka yakachora mistari ya hudhurungi kwenye ukuta mweupe. Chini ya reli, vigae vilikuwa vimetobolewa moja kwa moja na matundu yakazibwa kwa silikoni. Fundi alisukuma silikoni hiyo kwa kidole gumba, ikatoka nzima kama kizibo. Chini yake mbao ya kenchi ilikuwa imeshalowa. Nyumba ile imeungana ukuta na nyingine, na mwenye hiyo nyingine alikuwa ameshapaka dari rangi upya bila kujua maji yanatoka wapi.

Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Ndiyo maana kanuni inataka reli za alumini, bolti na kulabu za chuma kisichoshika kutu, na paneli zenye cheti cha kipimo cha chumvi, IEC 61701, ambacho fundi aliyezoea kazi za pwani anakifahamu. Kulabu ipite chini ya kigae na ifungwe kwenye kenchi, kigae kisitobolewe. Paneli moja ya wati 550 ina kilo 27 au 28 hivi, kwa hiyo kenchi zikaguliwe kabla, hasa kwa nyumba za awamu ya kwanza. Pia paneli ziachiwe nafasi ya upepo kupita chini yake. Joto hupunguza nguvu ya paneli, na wakati wa kaskazini mapaa yetu yanawaka.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: maji ya visima vyetu yana chumvi. Ukioshea paneli maji ya kisima, yakikauka yanaacha ukungu mweupe. Tumia maji yasiyo na chumvi, asubuhi mapema, kabla kioo hakijapata moto.

Kuhusu moto, naomba kila mtu alishike hili. Ukizima swichi kuu ya nyumba, waya zinazotoka kwenye paneli hazizimiki. Maadamu jua linawaka, zina umeme. Zimamoto akiingia bila kujua, anaweza kupoteza maisha. Kwa hiyo kila nyumba yenye sola iwe na swichi ya kukatia mkondo wa paneli karibu na inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani), na kibandiko kwenye kisanduku cha mita kinachoonyesha swichi hiyo iko wapi. Walinzi wetu wa getini wapewe orodha ya nyumba hizo. Betri zisiwekwe chumba cha kulala wala chini ya ngazi ambayo ndiyo njia ya kutokea. Betri za asidi zinatoa hewa inayoshika moto, nazo zinahitaji mahali penye madirisha.

Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, na kwa mitambo inayoungana na stima ya gridi iwe ya daraja la T3. Nakala ya leseni iambatishwe na ombi. Wapo watakaosema tunawabana mafundi wa mtaani ambao tumewazoea na wanaotufanyia kazi kwa bei nzuri. Nawaheshimu, na ningefurahi wapate leseni. Lakini inveta iliyofungwa vibaya inaweza kurudisha umeme kwenye waya za nje wakati stima imekatika, na fundi wa gridi aliyeko juu ya nguzo anaamini waya aliyoishika imekufa. Hapo sikubali kulegeza.

Wengi mmeuliza kuhusu kuuza stima ya ziada. Sheria ya Nishati ya 2019 iliruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuingiza umeme wake kwenye gridi, na kanuni za utekelezaji zilitoka 2024. Hulipwi pesa taslimu; unahesabiwa nusu ya yuniti ulizoingiza, zipunguze bili yako. Ombi hilo ni kati yako na kampuni ya stima. Chama hakihusiki, na kamati haitaling'ang'ania.

Muda wa kujibu: siku 30 tangu ombi kamili lifike kwa katibu. Kamati ikikataa, iandike sababu na kifungu cha kanuni. Ikinyamaza, ombi limepita. Mjumbe mmoja alipinga kipengele hiki kikaoni kwa kuhofia kuwa kamati ikizidiwa na kazi, mambo mabaya yatapita. Nimemjibu, na narudia hapa, kwamba kamati iliyozidiwa na kazi iombe msaada wa wanachama, mzigo usimwangukie mwombaji. Fomu haina malipo. Waliokwisha kufunga bila idhini wana miezi sita kuleta ripoti ya fundi mwenye leseni. Paneli zao zikiwa salama, wataidhinishwa bila faini.

Limebaki suala la majengo mawili ya ghorofa, na hilo hatujalimaliza. Pale paa si la mtu mmoja. Chini ya sheria ya 2020 ya umiliki wa nyumba za ghorofa, paa ni mali ya pamoja, na kila mwenye nyumba ana fungu lake ndani yake. Anayekaa ghorofa ya juu hana haki kubwa kuliko wa chini, na nafasi haitoshi kila familia iwe na mtambo wake. Maoni yangu ni kwamba tuanze na mtambo mmoja wa jengo, uendeshe pampu ya maji na taa za ngazi, kwa sababu stima ikikatika, wazee wa ghorofa ya nne ndio wanaokaa bila maji. Wengine wanataka paa ligawanywe kwa vipimo. Wenye nyumba katika majengo hayo watakutana peke yao kabla ya mwisho wa mwezi, na kamati itafuata watakachoafikiana.

Rasimu ya kanuni imebandikwa kwenye ubao wa matangazo getini. Mwenye marekebisho ayaandike na kumpa katibu siku tatu kabla ya mkutano. Siku yenyewe nitafika ukumbini saa moja kabla ya kikao nikiwa na hesabu za PVWatts za nyumba zote tulizopima, kwa yeyote anayetaka kuangalia paa lake.